Marimiti Haitapanda Meli Tena

Likasi, siku ya tano, mchana

Mwanangu Mwadi,

Ukirudi kutoka Mulungwishi kumuaga kambo wako, yule babu yako mzee, najua utapita moja kwa moja nyuma ya nyumba kuitazama marimiti, ile sufuria kubwa ya presha. Usipige kelele kabla ya kusoma. Nimeivunja. Nimeivunja mimi mwenyewe kwa nyundo kubwa ya baba yako, asubuhi ya leo, mara tu ile gari iliyokuchukua ilipopotea barabarani. Hakuna mwizi aliyeingia, na watoto wa jirani usiwaguse. Ni mimi niliyeanza.

Naandika kwa sababu mdomo wangu hauwezi. Ukinitazama kwa yale macho ya baba yako nitaanza kuomba msamaha, halafu nitakuacha umtafute fundi mwingine mwenye mashine ya kuchomelea, na kesho utapanda treni ya Kalemie na kile kitu kichwani. Karatasi haitazamwi usoni. Kasirika nayo upendavyo, lakini ifikishe mwisho.

Mambo ya chandarua, ya dawa, ya kutopokea chakula cha watu usiowajua ndani ya treni, shangazi zako wamekwisha kuyasema mpaka ukaziba masikio. Sitayarudia. Na habari ya wanaume wa jeshi la majini pia sitaisema, maana mimi mwenyewe niliolewa na mmoja wao na sikujuta hata siku moja. Nataka kukuambia juu ya sufuria moja tu.

Ulipofika nyumbani mwezi huu na uniformu yako mpya, ulikuwa umebeba marimiti ya presha ya ile meli unayokwenda kutumikia. Kubwa, nzito, ya kupikia maharage ya askari meli nzima, yenye kifuniko cha skurubu za kukaza. Ukacheka, ukaniambia maneno ya ajida wako, mkubwa wa jikoni, jinsi alivyoyasema: "Weye si mutoto wa Likasi? Batu ya kwenu banatengenezaka kila chuma. Supape yake imekufa. Peleka, uirudishe muzima, nitajua wewe ni muntu ya kazi." Ulijivuna, mwanangu. Niliona shingo yako ilivyonyooka. Nami sikukuzuia, nikakupikia.

Supape ni kile kidude kidogo juu ya kifuniko ambacho hupumua mvuke ukizidi. Unakijua. Lakini nakueleza kama mgeni, kwa sababu kidude hicho ndicho kilichotuachia kiti kitupu mezani tangu ulipokuwa mtoto wa mgongoni.

Kyungu, baba yako mdogo, aliichukua kazi kwa furaha. Alingoja umeme wa Mwadingusha urudi, akachonga, akapiga msasa, akachonga tena. Jana mchana akaiweka marimiti juu ya mbabula, jiko letu la makaa, hapa uani, mkaizunguka wewe, yeye na majirani. Makala yakawaka mpaka yakawa meupe. Marimiti ikakaa kimya. Kyungu akaweka mkono sikioni, akasema, "Sikia! Haina hata pumuzi!" Watu wakapiga makofi. Wewe ulipiga kuliko wote.

Mimi niliingia ndani, nikakaa kitandani. Maneno hayo niliyasikia mara moja tu kabla ya jana, na aliyeyasema hakumaliza hata kucheka.

Ngoja nianze pale panapostahili.

Nilikuwa kaporali wa vyombo katika jeshi hilo hilo la majini. Kwenye meli yetu kulikuwa na wapishi wawili, mimi na Zaina, mwanamke wa Kalemie mwenye kicheko kama cha bata, na kazi yangu ya pili ilikuwa kuangalia kila kitu cha jikoni: kipi kinafaa, kipi kirekebishwe, kipi kibadilishwe. Watu hufikiri ni kazi ya upole. Jiko la meli ya kivita si mahali pa upole. Ni chumba kisichozidi choo chetu na chumba cha kulala vikiunganishwa, na katikati yake kuna moto wa mazuti, mafuta mazito ya meli, unaonguruma kama mnyama, na sakafu haitulii. Chuma cha kuzuia masufuria kilikuwa kimelegea skurubu moja siku tulipokutana na mawimbi ya ziwa karibu na Moba. Skurubu moja. Sufuria ya mafuta ya kukaangia samaki ikateleza ikamwagika miguuni kwa mpishi aliyekuwepo kabla ya Zaina. Ngozi yake ilibaki ndani ya soksi. Nilimshika mabega huku akiniuma mkono, na alama ya meno unayoniulizaga tangu utoto, ile niliyokuambia ni ya mbwa, ni yake.

Siku nyingine askari walirudi kutoka nchi kavu, wamezika wenzao, wana njaa ambayo si ya tumbo peke yake. Mmoja alichukua ukoko wa bukari, ugali wetu, uliobaki chini ya sufuria. Mwenzake akasema ule ni wake. Sikuona kisu kikitoka mahali pake, niliona tu mkono umebandikwa mezani, kisu changu cha nyama kimepita katikati ya kiganja na kuingia kwenye ubao, na mwenye mkono anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Yule aliyechoma akakaa akala ukoko. Nilikichomoa mimi. Tangu siku hiyo visu vyangu vilifungwa kwa mnyororo, na uvifunge nawe, hata wakikucheka.

Basi ndiyo sababu nasema chombo kibovu jikoni mwa meli ni silaha iliyosahauliwa. Na kwa hiyo kulikuwa na desturi.

Bandarini mlikuwa na depo, ghala la vyombo, na mlinzi wake aliitwa Sajini Feruzi. Mnene, mpole, mfukoni hakukosa karanga. Ukitaka chombo kipya ulimpelekea kile cha zamani. Alikigeuza, akakigonga kwa kidole, kisha akakuuliza neno moja: "Imekufa?" Ulipaswa kujibu kwa kinywa chako mwenyewe: "Imekufa." Hapo alikiweka juu ya kipande cha reli, akachukua tindo na nyundo, akakitoboa tako mbele ya macho yako. Tuliita kuua chombo. Bila kuua, mlango wa ndani haukufunguliwa. Mara ya kwanza niliona ni ubaya, nikamwuliza sababu. Akaniambia, "Kaporali, minye si mugumu. Lakini kintu yenye haiyakufa muzuri inarudiaka." Aliwahi kuona majiko yaliyotupwa yakiuzwa sokoni, yakapakwa rangi, yakarudi melini yakiitwa mapya. Wanawake wa kambi walikuwa wakimwomba yale masufuria yaliyouawa. Kuku wetu walitagia ndani yake. Wewe ulijifunza kusimama ukishikilia mojawapo.

Supape ya marimiti yetu ilipoharibika, nilisema ni wakati wake. Ilikuwa imepika maharage mengi. Baba yako, fundi wa injini, alinibebea mpaka depo kwa sababu ilikuwa nzito na kwa sababu alipenda kunibebea vitu. Mpya ilikuwepo. Hilo nataka ulikumbuke. Niliiona kwa macho yangu juu ya rafu, ndani ya katoni yake, haijafunguliwa.

Feruzi akaigeuza. "Imekufa?"

"Imekufa," nikasema.

Baba yako akaweka mguu wake juu ya marimiti. "Nani anasema imekufa?"

"Bibi yako njo anasema. Masikio yako iko fasi gani?"

"Hii chuma iko muzima! Supape tu njo inakosekana. Kwetu Likasi muntu akiua chuma ya namuna hii, banamufunga."

"Basi ioe, uende nayo Likasi, muzae batoto ba sufuria," Feruzi akasema, na mabaharia waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko.

Ulimjua baba yako kwa miezi michache tu, kwa hiyo hujui alivyokuwa. Alilala na miguu nje ya chandarua akisema mbu nao wana watoto. Alikuwa mtaratibu kuliko mimi. Lakini alizaliwa karibu na viwanda, alilelewa na mlio wa nyundo za Shituru, na kwa watu wa hapa kumtukana mtu chuma chake ni kumtukana mama yake. Feruzi aliinua nyundo aue, baba yako akaudaka mkono wake hewani, na ngumi ya kwanza niliisikia kabla ya kuiona. Jino la Feruzi liliruka likagonga rafu. Feruzi alimsukuma kwenye vyombo, masahani yakaanguka juu yao, wakabingirika sakafuni wakikabana, wakipigana viwiko na magoti. Baba yako alipasuka nyusi. Mwishowe alikuwa juu, goti kifuani kwa yule mnene, nyundo mkononi, ameiinua, damu inamdondokea mwenzake usoni.

Hapo Feruzi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Kinywa chake kimejaa damu, akasema, "Kaporali, jiko ni yako. Sema weye."

Kila mtu akanigeukia. Ningesema "iue" na mambo yangeishia pale, kwa aibu ya siku moja. Lakini mume wangu alikuwa akipumua kwa nguvu, mzuri kama sijui nini, na mabaharia walikuwa wakishangilia. Nikasema, "Iache tu, Sajini. Tutaitengeneza."

Walimbeba baba yako mabegani mpaka melini, na marimiti ikabebwa nyuma yake kama kombe la mpira. Nami nilimwosha vidole vilivyochunika kwa maji ya chumvi, na nikampenda sana siku ile, Mwadi. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na wasiwasi. Sikuwa nao.

Supape mpya ilichongwa hapa hapa Likasi na mdogo wake, Kyungu, ikaletwa na abiria wa treni ikiwa imefungwa katika kitambaa. Ilikuwa kazi safi. Kosa lake lilikuwa usafi wenyewe. Viwandani huku, bomba likivuja hata tone, ile asidi au ule mvuke humchuna mtu uso, kwa hiyo fundi mwema wa Likasi ni yule anayefunga pasipite hata pumzi. Mtoto wa hapa akifunzwa kazi, hilo ndilo analochapiwa. Lakini supape ya marimiti hutengenezwa ili ivuje. Lazima ipige filimbi, irushe mate, ilalamike. Kyungu aliweka springi ya kuzuia, kama alivyofunzwa, na hakuna aliyemwambia vingine, kwa sababu sisi sote tulitoka mji huu na sote tulisifia ukimya.

Kwa moto mdogo ilipika majuma kadhaa bila neno. Halafu ikaja asubuhi ambayo askari walitakiwa wale haraka kabla ya kushushwa pwani. Zaina alifungua moto wa mazuti mpaka mwisho. Baba yako alishuka kutoka kwenye injini akijifuta mikono, akasimama karibu na jiko, akatega sikio, akasema, "Sikia! Haina hata pumuzi!" Zaina akamwambia, "Toka hapa na mafuta yako, unanuka kama gari." Mimi nilicheka nikaingia stoo ya pembeni kuchukua chumvi.

Sikusikia mlio. Ukuta ulinipiga. Nilipoinuka nilikuwa na chumvi machoni na masikio yanalia, na pale penye mlango palikuwa na moshi mweusi wenye moto ndani yake. Kifuniko kilipita kwenye dari ya chuma kama kidole kwenye karatasi. Maharage yalikuwa yameingia kwenye mbao kama risasi, na kwenye nyama za watu vile vile. Mpira wa mazuti ulikuwa umekatika, unapiga huku na huku kama nyoka na kutema moto. Zaina alikuwa amekaa chini, mikono usoni, na kati ya vidole vyake kulikuwa kunatoka kitu ambacho sitakiandika. Aliishi. Hakuona tena.

Baba yako alikuwa amelala chali. Moja ya zile skurubu za kukaza ilimwingia chini ya koo. Nguo zake zilikuwa zinawaka nami nilizizima kwa unga, kwa sababu unga ndio uliokuwa karibu, na unga nao ukashika moto. Nilizima kwa mikono. Alikuwa akinitazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa swali rahisi akasahau jibu. Kisha akaacha kunitazama, ingawa macho yalibaki wazi.

Na haikuishia hapo, hiki ndicho sijamwambia mtu. Askari wa juu walisikia mpasuko, wakadhani tumeshambuliwa. Kulikuwa na mtumbwi wa wavuvi karibu nasi, watu wanavuta nyavu zao. Walimimina risasi. Nilipanda ngazi nikiwa mweupe kwa unga na mwekundu kwa damu, nikipiga kelele, "Ni sufuria! Ni sufuria!" na hakuna aliyenisikia kwa mlio wa bunduki. Wavuvi walijitupa majini. Mmoja hakutoka. Alikuwa amevaa kofia ya njano, ilibaki inaelea, na baadaye nilimwona mkewe bandarini akiuliza kila askari, kwa heshima kabisa, kama kuna aliyemwona mtu wa kofia ya njano.

Hiyo yote ilikuwa kwa sababu ya sufuria ambayo mwenzake mpya alikuwa kwenye katoni.

Kwenye kilio, Sajini Feruzi alikuja. Nilidhani atakaa na wanaume. Akaenda mahali pa kupikia, akavua shati, akasonga bukari ya waombolezaji wote peke yake, mnene vile, jasho linamtiririka, pengo la jino likionekana kila alipovuta pumzi. Alipomaliza alikuja kuchuchumaa mbele ya mkeka wangu. Wewe ulikuwa mapajani mwangu, ukaushika ule mwiko wake. Akasema, "Mama Mwadi, bwana yako alinipiga mara moja, minye nikamuacha ashinde. Ningemurudishia. Ningemupiga mupaka avunjike mukono, leo angekuwa na mukono ya kuvunjika." Akalia. Mimi nilikuwa sijalia bado. Nilimpa kanga yangu ajifute.

Nimeishi na maneno hayo kuliko maneno ya mapadri. Watu husema mimi ni mpole, nami ni mpole kweli, hata kuku nampa jirani anichinjie. Lakini pale depo nilichanganya upole na kuachia. Feruzi alikuwa mpole kuliko mimi, na bado alishika nyundo.

Sasa nikuambie ya leo asubuhi.

Niliiweka marimiti juu ya jiwe la kufulia, nikatafuta tindo, nikapiga. Mara ya kwanza iliruka ikaniumiza mguu. Niliikalia kama mtu anayemkalia mbuzi, nikapiga tena, nikapiga nikitukana, mimi ambaye hujawahi kunisikia nikitukana, mpaka tako likapasuka. Kyungu akatokea kwenye kona ya nyumba, alikuwa amekuja kuifunga kwa ajili ya safari.

"Mulamu! Uko na wazimu? Unavunja kazi yangu?"

"Ndiyo."

"Kazi yenye nilifanya kwa roho yangu yote! Mutoto ataenda kwa ajida na nini?"

"Na ile ya kwanza pia uliifanya kwa roho yako yote," nikasema.

Sikupanga kulisema. Kwa miaka yote hii Kyungu aliambiwa kwamba ni mafuta ya jikoni yaliyowaka, nami nilimwacha aamini hivyo, kwa sababu alimpenda kaka yake na kwa sababu ndiye aliyekulipia shule. Alisimama. Alinitazama, akaitazama supape yake inayong'aa juu ya kifuniko.

"Ile ya kaka?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Si ilikuwa mafuta?"

"Mafuta yaliwaka baadaye, Kyungu. Kwanza ilipasuka marimiti."

Alikaa chini udongoni na suruali yake safi. Akageuza viganja vyake akavitazama muda mrefu. Kisha akainuka ghafla akaninyang'anya nyundo, na Mungu anisamehe, niliinamisha kichwa nikakifunika kwa mikono, maana uso wake haukuwa uso ninaoujua.

Akasema, "Hiyo shimo yako, minye naziba kabla ya chai kupoa. Umeiumiza tu. Haiyakufa."

Ndipo alipoanza. Sijaona mtu akikipiga kitu namna ile. Aliipiga marimiti ubavuni, mdomoni, alipiga masikio yake yakakatika, alipiga kifuniko mpaka kikakunjana kama jani la sombe kwenye kinu, alikuwa akipiga na kulia kwa sauti, akimwita kaka yake kwa jina la utoto ambalo nilikuwa nimelisahau. Majirani walikuja ukutani, wakaona, wakarudi. Mpini ulivunjika. Akaendelea kwa kichwa cha nyundo kilichobaki ndani ya ngumi, vidole vikachanika, damu ikawa juu ya chuma. Nilimwachia. Safari hii sikuachia kwa udhaifu. Nilikuwa namngoja.

Alipochoka alikata supape kwa msumeno akaitia mfukoni. "Hii nabeba minye," akasema. "Umuambie mutoto ni minye njo nilivunja. Ajida akiuliza, aseme ni fundi muzee wa Likasi, amerukwa na akili." Nikamwambia hapana, tutakuambia ni sisi wawili. Nimemfunga vidole, amelala chumbani kwako. Usimwamshe kwa maswali. Mpe maji tu.

Kwa hiyo, Mwadi, kesho utabeba kiloba cha vyuma. Treni nzima itakucheka. Utakipeleka kwa ajida wako, nawe utasema neno moja: "Imekufa." Usilete hadithi ya baba yako, usinitaje mimi mama yako, usilie. Mwulize kama mpya ipo. Tangu ulipofika nyumbani sijakusikia ukisema kama uliuliza, na nadhani hukuuliza, kwa sababu nami nisingeuliza nikiwa na umri wako na mkubwa ananisifia kabila la mafundi. Akisema haipo, pika maharage kwenye sufuria za wazi, yachelewe, askari watukane. Matusi ya askari mwenye njaa nayajua yote, hakuna lililonitoboa.

Na vingine vitakuja baada ya hiki. Utaambiwa mpira wa mazuti uliochanika bado unafaa ukifungwa na kitambaa. Utaambiwa chuma cha kuzuia masufuria kitakazwa safari ijayo. Atakayekuambia atakuwa mtu unayempenda, sikia vizuri, karibu kila mara ni mtu unayempenda, au yule unayetaka akupende. Adui haji kukuomba uache sufuria mbovu.

Ajida anaweza kukupiga kibao. Wakati wetu walipiga, sijui siku hizi. Akipiga, simama. Rudia: "Imekufa." Anaweza kukuondoa jikoni akakupeleka kufagia gati, nawe utaona aibu mbele ya wenzako mliofunzwa pamoja. Fagia. Anaweza kusema umeharibu mali ya serikali akakutupa kasho. Hilo ndilo nililoliwaza tangu asubuhi, kwa maana ni mimi nitakayekuwa nimekupeleka huko kwa nyundo yangu.

Nimeliwaza mpaka mwisho, nikaona naliweza. Ukifungwa, tuma mtu aniambie ni kasho lipi. Nitaacha meza yangu ya chakula pale stesheni, nitakuja na mbabula, na gunia la makala, na unga wetu wa huku. Nitakaa mlangoni pa hilo kasho nikusongee bukari kila siku, na mlinzi nimpe kwanza, maana mlinzi aliyeshiba husahau kufunga. Nitakuita kwa sauti nawe utanijibu kutoka ndani, hata kwa hasira, hata kwa kunitukana, unijibu tu.

Ni mimi mama yako, Mama Mwadi.